Filamu za Kutisha na Watoto: Kipimo Kisiwe Damu Pekee

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inazuia filamu kuonyeshwa hadharani kabla ya kukaguliwa na kupewa kibali. Bodi ya Filamu Tanzania, inayosimamia sheria hiyo, huzipanga filamu katika madaraja kulingana na umri wa watazamaji. Linalobaki kwa wazazi, maafisa utamaduni na wamiliki wa vibanda vya video katika wilaya za Bukoba na Muleba ni kujua jinsi ya kuipima filamu ya kutisha inapofika mbele ya mtoto.

Wengi huanza kwa kuhesabu damu, visu na maiti. Kipimo hicho kina maana, lakini hakitoshi. Kijana anayefahamu kuwa jini la kwenye kioo ni mwigizaji aliyepakwa rangi hushtuka, hucheka na wenzake, kisha hulala. Filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilipata watazamaji wengi kwa hofu ya namna hiyo. Hatari kubwa zaidi imo katika filamu isiyo na damu nyingi, inayomwonyesha mganga akiahidi utajiri kwa kiungo cha binadamu, na mteja wake akatajirika kweli bila kufikishwa mbele ya sheria.

Mkoani Kagera, hadithi hiyo haiko mbali na maisha. Mei 30, 2024, mtoto mwenye ualbino, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, aliporwa kutoka nyumbani kwao Kamachumu, wilayani Muleba. Mwili wake ulipatikana Juni 17. Tukio hilo halitajwi hapa ili kuilaumu filamu yoyote. Linatajwa kwa sababu mtoto wa Muleba anayetazama ushirikina ukizaa matunda anatazama jambo ambalo jamii yake imelizika kwa machozi, na mtoto mwenye ualbino aliyeketi kando yake anajiona kuwa windo.

Vivyo hivyo, mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Machi 21, 2023 uligusa familia za Bukoba. Filamu inayowageuza wagonjwa kuwa mazimwi ya kukimbiwa na kuuawa yaweza kumfundisha mtoto kumwogopa mgonjwa badala ya kutoa taarifa kituo cha afya.

Kwa hiyo, baada ya kuangalia daraja la umri, mzazi anapaswa kujiuliza mambo matatu: Je, uovu unaonyeshwa ukifanikiwa? Nani anageuzwa windo? Je, mtoto ataweza kutofautisha mchezo na imani inayozungumzwa mtaani kwake?

Lipo pia suala la filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kiswahili. Msimulizi huongeza maneno yake, hivyo picha ileile yaweza kubeba ujumbe tofauti na ule wa awali. Anayepima hana budi kusikiliza, si kutazama tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa msingi huo, mwenye kibanda anayemzuia mtoto mlangoni hapotezi mteja, anatimiza wajibu. Naye mzazi ana wajibu uleule nyumbani, ambako simu ya mkononi haina mlango wala mlinzi.