Uhuru wa Mwalimu wa Udaktari

Wengi hudhani kwamba uhuru wa mwalimu wa Chuo Kikuu ni haki ya kusema apendavyo. Katika kitivo cha udaktari wazo hilo ni la hatari, kwa maana kosa la mwalimu hulipwa na mgonjwa.

Tutazame Kikwit, mwaka 1995. Ebola ilikuwa ikiua, na dawa haikuwapo. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, 7 wakaishi. Wataalamu wa ng’ambo walitia shaka: wagonjwa walikuwa wachache, wala hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nao.

Je, shaka hiyo ilivunja uhuru wa profesa wetu? Twasema hapana. Uhuru ulimruhusu kujaribu na kutangaza alichokiona. Wajibu ulidai kwamba jambo hilo lipimwe. Baadaye, katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walipata kingamwili iliyofanywa dawa. Dawa hiyo ililinganishwa na nyingine 3 huko Beni, Butembo na kandokando yake, na mwezi wa Agosti 2019 ikatangazwa kuwa mojawapo ya 2 zilizookoa watu wengi zaidi. Subira ya miaka 24 ilizaa uzima kwa ndugu zetu wa mashariki.

Katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwatambulia waamini uhuru halali wa kutafiti, wa kufikiri, na wa kutoa maoni yao kwa unyenyekevu na ushujaa. Fadhila hizo mbili zisitenganishwe. Ushujaa bila unyenyekevu huzaa mwalimu asiyekubali kuulizwa. Unyenyekevu bila ushujaa huzaa yule anyamazaye mkubwa anapomwagiza ampitishe mwanafunzi asiyejua kazi. Naye auzaye pointi asiseme kwamba ametumia uhuru wake: ameuza uhai wa mgonjwa asiyemjua.

Basi, ninyi mnaosomea udaktari, waulizeni walimu wenu kwa heshima: twajuaje kwamba jambo hili ni kweli? Nasi sote, wazazi na vijana wa parokia, tusibishe mlangoni kwa mwalimu tukiwa na bahasha mkononi. Anayekataa bahasha hiyo anatulinda sisi wenyewe, siku tutakapolala kitandani mwa hospitali.