Tusiiamini Mita Kabla ya Kuijaribu

Maji yenye risasi hayana rangi, harufu wala ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Kuyachemsha hakufai kitu: moto huua vijidudu, lakini risasi hubaki, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo maji yanayosalia yanavyozidi kuwa nayo. Hapana budi ipimwe. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita, yaani gramu moja katika lita 100,000.

Kiasi kidogo namna hiyo chaweza kupimwa kwa umeme. Msingi uliwekwa Prague mwaka 1922 na Jaroslav Heyrovský, aliyetumia matone ya zebaki, na ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1959. Njia iliyotokana na kazi yake hufuata busara ya haba na haba hujaza kibaba. Elektrodi hupewa volti hasi kwa dakika kadhaa huku maji yakikorogwa; ayoni za risasi zinazoifikia hupokea elektroni mbili mbili, zikawa metali na kujilimbikiza hapo. Kisha volti hupandishwa, metali huachia elektroni zake na kurudi majini, na mkondo wa umeme unaotokea ndio unaopimwa. Kila metali huondoka kwa zamu yake: zinki, kadimi, risasi, halafu shaba. (Siku hizi wapo wanaotumia bismathi badala ya zebaki, nami nawapongeza, maana si vizuri kutafuta sumu kwa sumu.)

Kinachonitia wasiwasi si chombo, bali imani tuliyo nayo juu ya namba yake. Chombo hiki huona ayoni zilizo huru, au zinazojitenga upesi. Katika maji ya mto yaliyopita kwenye majani yaliyooza, sehemu ya risasi hushikwa na mboji isionekane. Sehemu nyingine hunata kwenye chupa njiani. Mpimaji asiyetia asidi ya nitriki katika chupa, wala kuivunja mboji hiyo kabla ya kupima, atapata namba ndogo, ataandika "salama", na watoto watakunywa. Naye mwenye chupa chafu atazua risasi isiyokuwamo, na kisima chema kitafungwa bure.

Kwa hiyo yafaa kwanza kupima maji yaliyokenekwa, katika chupa ileile. Kisha maji ya kisima yaongezewe risasi ya kiasi kinachojulikana. Ikiwa tumeongeza mikrogramu 10 na mita ikaonyesha ongezeko la 6 tu, basi hata namba ya mwanzo ilikuwa pungufu.

Shule isiyo na chombo hicho yaweza kufundisha tabia hiyo kwa waya mbili za shaba. Kila waya itiwe katika mmumunyo wake wa salfeti ya shaba, mmoja ukiwa hafifu mara kumi kuliko mwingine, na mimumunyo iunganishwe kwa karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa nitreti ya potasiamu. Nadharia yatuambia tutarajie milivolti 30 hivi kwa joto la nyuzi 25. Nayo milivolti moja ya kosa huharibu hesabu ya shaba kwa asilimia 8 hivi. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo kila mwanafunzi alipata 30 kamili. Sikufurahi. Aliyepata 24 asiifute: aulizwe kama waya alizisugua, na apime tena.