Zilipendwa na Nani?

Kitenzi cha kutendwa kina ujanja wake: mtenda anaweza kufichwa na sentensi ikasimama. Zilipendwa. Na nani? Wapi? Hakuna anayeuliza, na vipindi vya nyimbo za zamani kwenye redio zetu za Karagwe na Kyerwa vimejificha humo humo.

Fungua redio Jumapili mchana, uwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. "Zuwena" ya Marijani Rajabu. "Neema" ya Mlimani Park. Wakongo wawili watatu, salamu, tangazo la duka la pembejeo, halafu wiki ijayo tunarudi kwenye "Shida". Nyimbo nzuri sana, sina ugomvi nazo. Lakini Mbaraka alifariki Januari 1979 akiwa ameacha mzigo wa nyimbo, na sisi tunalishwa tatu. Tabora Jazz, Atomic ya Tanga, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, hao ni kama hawakuwahi kushika gitaa.

Eti ndizo wasikilizaji wanazoomba. Jamani, mtu ataombaje wimbo ambao hajawahi kuusikia? Unaopigwa ni ule uliopo kwenye kompyuta ya studio, na uliopo kwenye kompyuta ni ule uliopakuliwa YouTube. Foleni imepangwa na intaneti, mtangazaji anaiita mapenzi.

Na hata hayo mapenzi yana historia. Bendi zilikuwa zinarekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya kusikiliza Tanzania Bara ilikuwa hiyo moja. Kilichopendwa na taifa ni kile kilichopita mlango ule. Siwalaumu wa wakati ule, walikuwa wanajenga nchi kwa redio moja. Ila redio iliyosimikwa huku kwetu, mnara wake unaonekana kutoka kwenye migomba, ikirithi orodha ile kama msahafu, hiyo inajitetea na nini?

Maana huku kulikuwa na muziki kabla ya mnara. Speke alipopokelewa na Rumanyika hapa Karagwe mwaka 1861, aliikuta nanga ikipigwa (si ya meli, ile ya nyuzi) na akaiandika. Kwa majirani zetu Wahaya, Profesa M. M. Mulokozi aliziona tendi za nanga kuwa fasihi ya kutosha kuandikia tasnifu ya udaktari, mwaka 1986. Sisi wapenzi wa vitabu tunamnukuu kila tukibishana kama Afrika ina utendi. Hebu niambie ni lini umesikia nanga kwenye kipindi cha zilipendwa. Ikisikika, ni sekunde kumi za kusindikiza tangazo la mkutano wa hadhara.

Najua jibu: masharti ya leseni, lugha ya utangazaji ni Kiswahili au Kiingereza. Basi Saida Karoli aliimba lugha gani? "Maria Salome" ni ya Kihaya, na miaka ya mwanzo ya 2000 ilichezwa nchi nzima, hata na watu wasioelewa neno moja. Mtangazaji azungumze Kiswahili chake fasaha, atwambie nani anapiga, kijiji gani, wimbo unasimulia nini, kisha auache uimbwe Kinyambo. Ng'ambo ya mto Kagera, ukitokea Murongo, stesheni za Ankole zinapiga nyimbo ambazo Mnyambo hahitaji mkalimani. Tukimpoteza msikilizaji huyo tusimwite msaliti.

Sidai kipindi kizima. Nusu saa. Simu ya mkononi inarekodi vizuri siku hizi, na bodaboda kutoka studio hadi kwa mzee anayejua nanga haishindi bei ya tangazo moja. Wazee hao wanapungua. "Shida" itakuwepo tu kwenye kompyuta Jumapili ijayo.