Mashine ya mkate nyumbani Lubumbashi: Swali la kwanza ni umeme

Mashine ndogo ya kuoka mkate nyumbani huuzwa kwa ahadi nyepesi: tia unga, maji, chumvi, sukari na hamira, bonyeza kitufe, na baada ya saa tatu au nne mkate uko tayari. Ahadi hiyo ina sharti ambalo halikuandikwa kwenye boksi. Umeme usikatike katika saa hizo zote.

Lubumbashi, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Katanga, ni jiji ambalo wakazi wa Katuba, Kenya, Ruashi na mitaa mingine wameshazoea kupanga kazi za nyumbani kwa kufuata delestaji, yaani mgao wa umeme. Hapo sharti hilo lina uzito kuliko rangi ya mashine, idadi ya programu zake au jina la kampuni iliyoitengeneza. Familia inayotaka kuinunua inapaswa kwanza kujua inapata saa ngapi za umeme mfululizo, na katika muda gani wa siku.

Unga unatoka mbali

Chakula kikuu cha Lubumbashi ni bukari, lakini mkate wa ngano umekuwa sehemu ya asubuhi ya jiji hili kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba Kongo hulima ngano kidogo sana, na karibu yote inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje. Upande wa magharibi hutegemea bandari ya Matadi. Katanga hutazama zaidi kusini na mashariki, na malori yake mengi hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, takriban kilomita 90 kutoka Lubumbashi.

Umbali huo una gharama na hatari zake. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei za ngano zilipanda duniani kote kwa sababu nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nafaka hiyo. Agosti 2024, Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache kufuatia mvutano wa kibiashara uliohusu bia na vinywaji baridi. Mzozo haukuhusu unga, lakini barabara ni ile ile.

Mashine ya mkate haibadilishi lolote katika hayo. Mwenye mashine na mwenye bulanjeri hununua unga ule ule, unaofuata bei ya dola. Kinachoweza kuokolewa nyumbani ni gharama nyingine zilizomo ndani ya bei ya mkate wa dukani: mishahara, usafiri, faida ya muuzaji, na mafuta ya jenereta pale umeme unapokatika. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Mwoka mikate akikosa umeme huwasha jenereta, kisha gharama anaigawa kwa mamia ya mikate. Familia ikikosa umeme, hasara yote inaangukia mkate mmoja.

Saa tatu zinatumikaje

Mashine hizi zilianza kuuzwa Japani katika miaka ya 1980. Kampuni ya Matsushita, inayojulikana leo kama Panasonic, ilihangaika mwanzoni kwa sababu mashine yake ilikanda unga vibaya. Mtaalamu wake wa programu, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akagundua kwamba mwokaji huyo alikuwa akiuvuta unga huku akiupinda. Wahandisi wakaiga mwendo huo. Ndiyo maana mpaka leo kazi inayofanywa vizuri zaidi na mashine hizi ni kukanda.

Programu ya kawaida huenda kwa hatua tatu. Kukanda huchukua karibu nusu saa na hutumia umeme kidogo. Kuumuka huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na umeme unaohitajika ni wa kutunza joto tu. Kuoka huchukua karibu saa moja, na hapo ndipo mashine hufikia wati 500 hadi 700. Kwa jumla mkate mmoja hutumia takriban nusu ya yuniti ya umeme au pungufu ya hapo. Kiasi hicho si kikubwa. Ugumu uko kwenye muda.

Umeme ukikatika wakati wa kukanda, mtu anaweza kumalizia kwa mikono. Ukikatika wakati wa kuumuka, unga unaweza kuhamishiwa kwenye sufuria na kuokwa juu ya moto. Ukikatika katikati ya kuoka, mkate unabaki mbichi ndani na mgumu nje, na ni vigumu kuuokoa. Baadhi ya mashine hukumbuka zilipofikia kwa dakika kumi hivi, nyingine hazikumbuki kabisa na huanza upya. Delestaji ya Lubumbashi mara nyingi haiishi kwa dakika kumi.

Kwa nini umeme haufiki

Kongo haina upungufu wa maji ya kuzalisha umeme. Mabwawa ya Inga 1 na Inga 2 yalijengwa kuzalisha kwa pamoja takriban megawati 1,775, na tangu 1982 njia ya umeme yenye urefu wa karibu kilomita 1,700 inasafirisha sehemu ya nguvu hiyo kutoka Inga hadi Kolwezi. Lengo la njia hiyo lilikuwa kulisha viwanda vya shaba vya Katanga. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja.

Utaratibu huo haujabadilika sana. Migodi ya shaba na kobalti ndiyo wateja wakubwa wa umeme katika Haut-Katanga na Lualaba. Bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira, lililoanza kazi mwaka 1930, lilikarabatiwa na kurudi kwenye gridi mwaka 2021 kwa fedha zilizotolewa na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, uliohitaji umeme wake. Migodi pia hununua umeme kutoka Zambia. Ukame mkali ulipoikumba Zambia mwaka 2024 na kina cha ziwa Kariba kikashuka, upungufu wa huko uligusa pia upande wa Kongo.

Sheria ya Juni 2014 ilifungua milango kwa kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme pamoja na shirika la taifa, SNEL. Miaka zaidi ya kumi baadaye, takriban mtu mmoja tu kati ya watano nchini ndiye anayepata umeme. Lubumbashi iko juu ya wastani huo, lakini kuwa na waya nyumbani si sawa na kuwa na umeme saa tatu mfululizo.

Ya kukagua kabla ya kulipa

Kwa familia yenye umeme wa uhakika, au yenye sola na betri, mashine inaweza kuwa ununuzi wa maana. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 inaweza kutosha mkate mmoja au miwili, pamoja na taa chache. Betri ya kawaida ya asidi yenye ukubwa huo huo haifai kuchoshwa zaidi ya nusu, hivyo mkate mmoja huimaliza karibu yote.

Jambo la pili ni volti. Lubumbashi inatumia volti 220. Mashine iliyotengenezewa soko la Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni volti 100, na zote mbili huungua zikichomekwa moja kwa moja. Inayotoka Dubai huwa ya volti zinazofaa, ila plagi yake ya pini tatu bapa inahitaji adapta. Kwa kuwa umeme wa mitaa hupanda na kushuka, stabilaiza ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

La tatu ni vipuri. Kwa mashine iliyotumika, bapa la kukandia na chombo cha ndani ndivyo huchakaa kwanza. Kama havipatikani mjini, mashine itageuka pambo la kabati.

La nne ni mwinuko wa jiji. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na unga huumuka upesi kuliko kwenye miji ya pwani. Vipimo vya kitabu cha maelekezo huenda vikatoa mkate unaopanda haraka kisha ukabonyea katikati. Dawa ni kupunguza hamira kidogo, hasa wakati wa joto la Oktoba. Kwenye baridi ya Juni na Julai, kuumuka huchelewa tena.

Njia ya kati

Mashine nyingi zina programu ya kukanda na kuumua pekee, inayochukua saa moja na nusu. Kwa nyumba nyingi za Lubumbashi hiyo ndiyo programu yenye faida: umeme ufanye kazi nzito ya kukanda, halafu mkate uokwe kwa gesi au makala, jina la makaa katika Kiswahili cha Katanga. Lakini makala nayo ina gharama yake. Uchomaji wake ni moja ya sababu za misitu ya miombo kuzidi kusogea mbali na jiji. Anayetaka tu unga uliokandwa vizuri anaweza pia kutumia mikono, ambayo haihitaji stabilaiza.

Kuna pia muhogo, ambao Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa zaidi Afrika. Ukichanganywa sehemu moja kwa tisa za ngano, mkate bado huumuka vizuri. Ukizidi sana mkate huwa mzito, kwa sababu muhogo hauna gluteni, ile nguvu ya ngano inayoshikilia hewa. Hata kiasi hicho kidogo hupunguza ngano inayopita Kasumbalesa, jambo ambalo mashine peke yake haiwezi kulifanya.

Kwa hiyo mnunuzi angeanza kwa kuandika, kwa wiki mbili, saa ambazo umeme unakuja na kuondoka nyumbani kwake. Akipata angalau saa nne zisizokatika kwa siku, tena zinazotabirika, mashine kamili ina mantiki. Asipozipata, fedha hizo zitafanya kazi zaidi zikiwekwa kwenye betri, kwa kuwa betri huwasha taa na kuchaji simu hata siku ambayo hakuna unga.