Samaki wa Hadaya na Mwimbaji Asiye na Mwili

Mwaka 2007, katika nchi ya Japani, yalitokea mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi pamoja: mwezi wa Agosti kampuni ya Crypton Future Media ya mji wa Sapporo ilitoa programu ya kuimbia iitwayo Hatsune Miku, yenye sura ya msichana wa miaka 16 asiyezaliwa wala asiyezeeka, na mwezi wa Novemba Mfalme Akihito alidhihirisha hadharani masikitiko yake juu ya samaki aitwaye bluegill, ambaye yeye mwenyewe, alipokuwa mrithi wa ufalme, alimpokea kuwa hadaya kutoka kwa meya wa Chicago mwaka 1960, akawapa wataalamu wa uvuvi kwa tamaa ya watu kupata kitoweo.

Walipokwisha kuenea Ziwa Biwa, samaki wale walishika kula mayai ya samaki wenyeji wa humo, akiwamo nigorobuna, ambaye watu wa kandokando humtia chumvi, kisha humlaza ndani ya wali miezi mingi mpaka achachuke, ndipo humla.

Wako wasemao kwamba waimbaji wa kompyuta nao watawameza wenyeji, yaani waimbaji wenye mwili. Mimi, kwa insafu, sikubali upesi hivyo: sauti ya Miku ilitolewa kwa ridhaa na mwigizaji Saki Fujita, na nyimbo zake nyingi ni za watungaji ambao, lau si yeye, wasingalipata wa kuwaimbia. Samaki hakutaka ridhaa ya mtu. Basi wabunge wetu na vyama vya wanamuziki na waiandike ridhaa hiyo katika sheria mapema, kwani mkoa wa Shiga, wenye ziwa lile, ulichelewa: mwaka 2003 ndipo ulipokataza kuwarudisha ziwani samaki hao wanapovuliwa, na hata leo wamo.