Nafasi ya Mwandishi ni Nje ya Mstari

Mgololo, wilayani Mufindi, inajulikana nchini kote kwa kiwanda chake cha karatasi. Lakini karatasi, hata ikiwa nzuri namna gani, haina thamani ikiwa habari iliyochapwa juu yake si ya kweli. Waandishi wa michezo hawana budi kulikumbuka jambo hilo kila inapowadia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Viwanja vingi vya shule nchini havina uzio wala majukwaa. Mwandishi mmoja akisogea hadi kwenye mstari, watazamaji humfuata. Mara mshika kibendera hukosa njia ya kupita, na mchezaji anayefukuza mpira kwa kasi huishia miguuni mwa watu. Anayeumia ni mwanafunzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wengi wa wachezaji hao wamo katika umri huo. Usalama wao hautangulii nyuma ya picha yoyote.

Mpiga picha nafasi yake ni nyuma ya goli. Maelekezo yaliyopata kuambatana na sheria za soka za FIFA yalitaka mstari wa wapiga picha uwe angalau mita 6 nyuma ya milingoti, na yalikataza kuwamulika wachezaji kwa taa za kamera. Kipimo hicho hakihitaji fedha za kigeni. Chokaa kidogo chatosha.

Mwandishi naye akae usawa wa katikati ya uwanja, hatua chache nyuma ya mstari, upande usio na mabenchi. Hapo huziona timu zote mbili sawasawa. Aliyesimama nyuma ya goli haoni barabara nani ameotea. Basi si haki aandike kwamba refa ameionea timu fulani. Na anayeketi benchi moja na mwalimu wa timu, akinywa soda yake na kutajiwa wafungaji, mwisho huandika kwa macho ya mwenyeji wake. Majina na ayachukue kwa walimu wa pande zote mbili kabla ya mchezo.

Walimu wa michezo wachore mstari mapema, na waandishi wauheshimu bila kusukumwa. Kijana wa shule anastahili kucheza kwa usalama, na kuandikwa kwa haki.