Kwenda zoo na rafiki

Jumamosi nilienda zoo ya hapa Lubumbashi pamoja na rafiki yangu na watoto wetu watano. Yeye ni mjane, anauza makala sokoni. Tangu mwezi mmoja tulikuwa tukiweka feza kidogo kidogo, kama likelemba ya watu wawili, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Tulipika mikate nyumbani, tukabeba karanga na maji. Mlangoni tulilipa kutoka mfuko mmoja. Hakuna mtoto aliyejua nani aliweka ngapi. Mbele ya mamba na simba wote walikuwa sawa.

Mama, ukimwalika rafiki mwenye feza kidogo, usimlipie mbele ya watoto wake. Pangeni mapema, heshima yake ibaki nzima.